Mtu Wake wa Samaki

Bibi hakuwa na tabia ya kutaja jina la samaki. Alifungua pindo la khanga, akahesabu fedha, akampa mjukuu wake kikapu cha ukindu na kumwambia, "Nenda kwa mzee wetu. Mwambie bibi anakusalimu, na akupe anachoona yeye." Basi. Hakusema changu, hakusema nguru, wala hakutaja uzito. Mtoto alitoka Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akakata Mnazi Mmoja, akapita kwenye Sanamu ya Askari, akashuka hadi Kivukoni na kufuata ufukwe mpaka Feri. Ilikuwa miaka ya mwisho ya 1980, na mtoto huyo ndiye mwandishi wa makala haya.

Feri ya wakati ule haikuwa na jengo la maana. Vyombo vilisogezwa ufukweni, samaki wakamwagwa juu ya maturubai, na mnada ukaanza pale pale, wanunuzi wengine miguu yao ikiwa bado majini. Mzee alikuwa na kibao chake chini ya mkungu, pembeni ya zile kelele. Hakuwa mwepesi wa kutoa samaki. Kwanza aliitikia shikamoo, kisha akaanza maswali. Nyumbani mko wangapi leo? Bibi anaunga nazi au anakaanga? Jino lake limepoa? Kuna mgeni? Majibu ya mtoto yalimtosha. Kukiwa na wageni, alitoa kolekole mzima wa kupaka. Jino la bibi likiwa bado linasumbua, alikata kipande cha nguru, ambaye miiba yake ni mikubwa na inaonekana. Mtu akiwa anaumwa nyumbani, alichagua changu wa supu. Na kuna siku alitazama bahari, akatikisa kichwa, akamrudishia mtoto fedha zote. "Leo mwambie apike maharage."

Hakuna aliyelalamika. Maharage yakapikwa.

Mwandishi alikuja kuelewa baadaye sana kwamba mzee hakuwa akibahatisha. Bahari ya Dar es Salaam ina kalenda yake, na mzee aliibeba yote kichwani. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, maji huchafuka na vyombo vidogo haviendi mbali. Kaskazi likishika, Novemba hadi Machi, bahari hutulia na samaki wa maji makuu kama nguru na jodari huanza kuonekana kwa wingi mnadani. Wavuvi wa vibua na dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na nyavu hurudi nyepesi. Pweza ana habari nyingine: huyo hutafutwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na watu wakaingia mwambani na vijiti vyao kuchokoa mashimo. Anayejua haya anaweza kusema kesho kutakuwa na nini sokoni kabla hakujakucha. Asiyejua huagiza changu kila siku ya mwaka, na kila siku ya mwaka atauziwa kitu kinachoitwa changu.

Palikuwa na mambo mawili yaliyomfanya bibi amwamini mzee yule, na yote mawili mtoto aliyaona kwa macho yake. La kwanza ni chenji. Samaki wakiwa wengi na bei ikashuka, mzee aliviringisha sarafu kwenye karatasi na kuziweka chini ya kikapu: "Hizi za bibi, usizichezee." Angeweza kunyamaza, kwani mtoto hakujua bei. La pili ni baruti. Miaka ile milipuko ilisikika baharini karibu na jiji bila kificho, ingawa uvuvi huo ulikuwa umepigwa marufuku, na samaki wa baruti walifika mnadani wakiwa wazuri kwa nje. Mzee alimfundisha mtoto kuwatambua. Alimshika samaki kwa kichwa na mkia, akamkunja taratibu. Mgongo wa samaki aliyelipuliwa umevunjika ndani, kwa hiyo anakunjika kirahisi mno; ukimpasua tumbo unakuta damu imetapakaa na utumbo umechanika. "Huyu simpelekei bibi yako," alisema, akamrudisha kwenye fungu la mwenyewe. Hakutoa hotuba juu ya mazingira. Alikuwa tu hataki jina lake liende Kariakoo na samaki yule.

Miaka mingi ilipita kabla ya mwandishi kuketi tena mbele ya mtu wa namna hiyo, na safari hii ilikuwa Tokyo. Alikuwa huko kwa mafunzo ya kazi. Mwenyeji wake alimpeleka kwenye mgahawa mdogo wa sushi uliokuwa chini ya jengo la ofisi, wenye viti vinane vilivyopangwa mbele ya kaunta moja ya mbao nyeupe. Hakukuwa na orodha ya vyakula wala bei ukutani. Wajapani wanauita mtindo huo omakase: mgeni anakaa, mpishi anaamua. Mpishi alikuwa na swali moja, akalipitisha kwa mwenyeji: kuna kitu huli? Mwandishi alijibu kwamba hali nguruwe na hanywi pombe. Mpishi akafikiri kidogo, kisha akasogeza pembeni bakuli la sosi aliyokuwa akiwapakia samaki wa wageni wengine, kwa kuwa ilipikwa kwa soya na mvinyo wa mchele, akamimina soya nyingine kwenye kibakuli kidogo na kuchukua brashi mpya. Hakusema neno. Kwa saa nzima iliyofuata hakukosea hata mara moja ni brashi ipi ya nani.

Alianza na samaki mweupe mwenye ladha nyepesi. Akafuata samaki mdogo wa ngozi ya fedha, aliyelazwa kwenye chumvi na kisha siki. Akaja jodari, kisha kamba aliyechemshwa wakati huohuo, kisha pweza, kisha mkunga aliyepikwa mpaka akalainika, na mwisho kipande cha yai. Kila tonge liliwekwa mbele ya mgeni peke yake, wali ukiwa na uvuguvugu wa kiganja, nalo lilitakiwa kuliwa pale pale kabla halijapoa. Mpishi alipoona mgeni anakula kwa mkono wa kulia, vidole vitatu, bila kijiti, tonge lililofuata alilitua limeelekea upande wa mkono huo. Mtu aliyelelewa Pwani, aliyefundishwa tangu utotoni kula kwa mkono wa kulia na kumwangalia mgeni amekosa nini kwenye sinia, hakuhitaji mkalimani kulielewa hilo.

Pweza yule alikuwa laini kuliko alivyotarajia, na mwandishi aliuliza. Aliambiwa pweza husuguliwa kwa mikono muda mrefu kabla ya kuchemshwa. Kwenye filamu ya mwaka 2011 iitwayo Jiro Dreams of Sushi, mwanafunzi wa mpishi Jiro Ono anaeleza kwamba kazi hiyo huchukua dakika 40 hadi 50. Mvuvi wa Kilwa au Kizimkazi hapo angetikisa kichwa kwa kukubali. Kwao pweza hupigwapigwa mwambani mpaka misuli ilegee, maana asipopigwa hatafuniki. Pande mbili za dunia, mnyama mmoja, tatizo moja.

Jiro Ono anafaa kutajwa zaidi kidogo, kwa sababu ndiye aliyeifanya dunia nzima iujue mlo wa namna hii. Alizaliwa mwaka 1925. Mgahawa wake wa Sukiyabashi Jiro, Ginza, una viti 10 tu na uko chini ya jengo karibu na kituo cha treni. Mwaka 2007 waandishi wa kitabu cha Michelin waliupa nyota tatu. Aprili 2014 Waziri Mkuu Shinzo Abe alimpeleka Rais Barack Obama pale kwa chakula cha jioni, mwaka mmoja tu baada ya barabara ya ufukweni iliyo jirani na Feri kupewa jina la Obama huyohuyo. Baadaye mgahawa ukaondolewa kwenye kitabu kile, kwa sababu mtu wa kawaida hawezi tena kupata nafasi pale kwa kujiandikisha mwenyewe. Lakini kinachomgusa mwandishi kwenye filamu ile ni wauzaji. Kuna mtu anayeuza jodari tu na hauzi samaki mwingine. Kuna wa kamba, kuna wa pweza, kuna wa mchele. Filamu inasema wazi kwamba kila mmoja wao anajua kitu chake kuliko mpishi, na mpishi anawaamini. Yaani mgeni anamwamini mpishi, na mpishi naye ana mtu wake wa samaki.

Watu wengi husikia bei za Ginza wakadhani sushi ilizaliwa kwenye vyumba vya matajiri. Haikuwa hivyo. Tonge la wali lenye kipande cha samaki juu yake lilienea Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo, miaka ya 1820, na anayetajwa zaidi kwa kulieneza ni Hanaya Yohei, aliyezaliwa mwaka 1799. Liliuzwa vibandani. Mafundi, wapagazi na wafanyabiashara walisimama, wakala matonge mawili matatu makubwa kuliko ya leo, wakaondoka. Samaki walitoka ghuba iliyo mbele ya jiji lenyewe. Barafu haikuwepo, kwa hiyo muuzaji alilazimika kumtengeneza samaki: huyu amelazwa kwenye siki, yule amekolezwa chumvi, mwingine amechemshwa, na jodari amelowekwa kwenye soya. Ufundi wote ambao leo watu wanaulipia fedha nyingi ulianza kama njia ya kupambana na joto, na uliwalisha watu wa mtaani.

Hapo ndipo mwandishi anapotaka Feri ijitazame.

Soko la samaki lililopo sasa lilijengwa kwa msaada wa serikali ya Japan na kuanza kazi mwaka 2002. Watu wa nchi yenye soko la samaki maarufu kuliko yote duniani walitoa fedha zao kujenga meza za saruji, mifereji na mapaa ya Feri, na jambo hilo halikumbukwi vya kutosha hata na wanaouza pale kila siku. (Soko lao wenyewe la Tsukiji, lililofanya kazi tangu mwaka 1935, lilihamishiwa Toyosu Oktoba 2018, na kwenye mnada wa kwanza wa mwaka 2019 jodari mmoja wa kilo 278 alinunuliwa kwa yeni milioni 333.6.) Feri imegawanywa kwa zoni: kuna za mnada, za rejareja, za kupaa magamba, na kuna zoni ya wakaangaji. Mgeni akifika huiona ya mwisho kabla ya nyingine zote, kwa sababu ya moshi.

Watu wengi wa Dar es Salaam huiona zoni ile kuwa ya wachuuzi tu. Ni kweli kwamba wachuuzi ndio wengi. Mama ananunua fungu la vibua au tasi mnadani, anawapeleka kwa mpaa, kisha kwa mkaangaji, anawapanga kwenye beseni na kuondoka nao Manzese, Buguruni, Tandika au Mbagala. Jioni samaki walewale wako juu ya meza ya mtaani pembeni ya koroboi au taa ya betri, bado wanalika, bila kupita kwenye barafu yoyote. Mkaangaji aliyewakausha vizuri asubuhi ndiye aliyeuwezesha mlo huo wa usiku. Hii ni kazi ya ufundi uleule wa Edo: joto lipo, barafu ni ghali, samaki lazima afike akiwa salama.

Mwandishi ana mkaangaji wake pale, mtu wa makamo mwenye karai jeusi pana na fulana iliyofifia rangi, ambaye swali lake la kwanza huwa ni hilohilo: "Unakula hapa au unabeba?" Si swali la vifungashio. Samaki wa kubeba hukaangwa mpaka mafuta yanyamaze kabisa, maana kelele za mafuta ni maji yanayotoka mwilini mwa samaki, na yakinyamaza maji yameisha. Samaki wa kuliwa pale pale hutolewa mafuta yakiwa bado yanasema. Ukila wa kubeba ukiwa umesimama pale utaona mkavu. Ukimbeba wa kuliwa pale hadi Mbagala atakuwa ameshanyong'onyea.

Asubuhi moja mwandishi alifika na rafiki yake kutoka Dodoma, mtu aliyekulia kwenye kuku na nyama ya mbuzi, ambaye alitaka kuonjeshwa bahari. Rafiki aliona kipande kikubwa cha jodari, chekundu, kinang'aa, kwenye meza ya jirani, akakinyooshea kidole. Mkaangaji alikitazama mara moja. "Kaka, huyo mwache. Amelala juani tangu mnada." Akaenda mwenyewe kwa watu wake, akarudi na tasi wawili waliokuwa bado wamekaza mwili, macho yamejaa, mashavu mekundu. Aliwashika kwa uangalifu, kwani miiba ya tasi ina sumu inayouma hata akiwa amekufa. Aliwatoa utumbo wote, ambao ukibaki huwatia uchungu, akawachanja mbavuni mara tatu kila upande, akapitisha chumvi na ndimu mpaka ndani ya mikato, akawaacha kidogo, kisha akawatumbukiza. Walitoka na ngozi iliyokauka na nyama nyeupe inayoachia mwiba. Baada ya tasi akaleta changu mdogo, kisha ngisi aliyepita kwenye mafuta kwa muda mfupi sana, kisha kipande cha nguru. Hawakuagiza hata kimoja. Kila kimoja kilikuja kilichotangulia kikiwa kimeisha, juu ya sahani ya plastiki, na chumvi, pilipili na ndimu pembeni. Walikula wamesimama, maana viti havikuwepo. Rafiki wa Dodoma aliacha miiba tu.

Kuhusu yule jodari, mkaangaji alikuwa na haki kuliko alivyoeleza. Jodari, nguru, vibua na jamii yao wakiachwa kwenye joto, bakteria hutengeneza kwenye nyama yao kitu kinachoitwa histamini. Kikishatokea hakiondoki kwa kukaanga, kwa kuchemsha wala kwa ndimu. Mlaji uso humwiva, mwili humwasha, kichwa humgonga, tumbo humvuruga, na wengi huondoka wakiamini wana mzio wa samaki kumbe walikula samaki aliyepigwa na jua. Nyama yenyewe inaweza isinuke wala kubadilika rangi. Kinachomlinda mlaji ni mtu aliyemwona samaki huyo tangu alipotua na anajua amekaa wapi na kwa muda gani. Ndivyo ilivyo hata kwa bunju. Kwetu wavuvi humtupa kwa kuwa sumu iliyo kwenye ini na mayai yake haishindwi na moto. Japan humla, lakini mpishi wa bunju lazima awe na leseni. Huko na huku, mlaji hana namna ya kujikagulia mwenyewe mezani.

Dar es Salaam ya leo ina sushi yake, Masaki na kwenye mahoteli ya katikati ya jiji, na mwandishi ameila zaidi ya mara moja kwa furaha. Ila orodha nyingi huanza na salmoni. Salmoni ni samaki wa maji ya baridi, hayuko kabisa kwenye bahari hii. Hata Wajapani hawakuwa na desturi ya kumla mbichi kwa sababu ya minyoo, mpaka Norway ilipowapelekea salmoni wake wa kufugwa kwa kampeni kubwa iliyoanza miaka ya 1980. Kwa hiyo mkazi wa Dar anayekula salmoni anakula kampeni ya biashara ya nchi moja ya Ulaya kwa mtindo wa nchi ya Asia, ilhali jodari wa kwake wanashushwa Feri. Jodari haohao ndio waliofuatwa na meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa mwaka 2009 ikivua kwenye maji ya Tanzania bila kibali ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wale ambao wananchi waliwaita "samaki wa Magufuli" kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo. Watu walitoka mbali sana kuja kuwachukua.

Mwandishi hamshauri mtu yeyote kula samaki mbichi wa Feri. Samaki wa kuliwa mbichi huhitaji baridi kuanzia ndani ya chombo, dakika anapotoka majini, mpaka mezani. Na taratibu za Marekani zinataka samaki wengi wa aina hiyo wagandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 ili minyoo ife. Mlolongo huo Feri haujakamilika. Lakini ubichi ni sehemu ndogo ya kile alichokikuta Tokyo. Kilicho kikubwa ni mtu mmoja mwenye kujua bahari ya leo, mbele ya watu wachache anaoweza kuwatazama usoni, akiwapa kilicho bora kwa mpangilio wake na kukataa kutoa kisichofaa. Hicho Feri inacho, tena kilikuwepo chini ya mkungu kabla ya jengo.

Kinachokiua ni haraka ya wanunuzi. Mteja anashuka kwenye gari saa tano, jua limeshakolea, anataka changu kwa sababu jirani alisema changu, anataka wakubwa, anataka kwa bei ya wadogo, na hatarudi tena mpaka sikukuu. Muuzaji hana sababu ya kumtunzia mtu huyo jina lake. Bibi alikuwa maskini kuliko wengi wa wateja hao, lakini alipeleka fedha zake mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, akapokea samaki wazuri kuliko waliostahili bei yake. Siku hizi hata simu inaweza kufanya kazi hiyo: wapo wauzaji wanaotuma picha za samaki kwa WhatsApp alfajiri na bodaboda akawaleta mlangoni. Wale wanaodumu ni wanaothubutu kuandika, leo msiagize, bahari haikutoa kitu.

Kwa wanaolisimamia soko, mwandishi ana maombi mawili, na anayasema kwa moyo wote. Barafu ya kutosha, ya bei ambayo mvuvi wa mtumbwi anaimudu, ipatikane pale pale kabla vyombo havijatoka, ili isafiri kwenda baharini badala ya kumsubiri samaki aliyeshachoka. Na zoni ya wakaangaji itengewe kaunta moja fupi yenye maji safi na viti kumi, mahali ambapo mkaangaji anaweza kumkalisha mtu na kumlisha samaki mmoja mmoja. Jiji limejenga vitu vikubwa zaidi ya hivyo. Wakaangaji waliopo wana ujuzi wa kuifanya kaunta hiyo iwe meza ya samaki ya kujivunia jijini, kwa bei ambayo karani na dereva wa daladala wataimudu.

Kwa msomaji: usisubiri kaunta. Nenda kabla ya saa mbili asubuhi, siku ya kazi, ukiwa na deli lenye barafu ikiwa unabeba. Zunguka kwanza bila kununua. Mtafute anayekuuliza mko wangapi na mnapika nini kabla hajakutajia bei. Mwambie umemwachia yeye achague, ule alichokupa, na wiki ijayo urudi kwa huyohuyo. Kama samaki alikuwa mbaya mweleze usoni, kama alikuwa mzuri mwambie vilevile. Siku akikwambia leo hamna kitu, mshukuru na uende Kariakoo ukanunue maharage. Mabasi ya mwendokasi yanayoishia Kivukoni hushusha abiria karibu kabisa na soko.